Ulisema Nini Mle Ndani?

Ijumaa ya tarehe 14 Septemba 2001, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura 420 kwa 1. Yule mmoja aliitwa Barbara Lee, mbunge wa Oakland na Berkeley kule California. Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu ndege zigonge majengo ya New York na Washington. Mswada uliokuwa mezani ulimpa Rais ruhusa ya kutumia nguvu za kijeshi dhidi ya waliohusika na shambulio lile na waliowahifadhi. Seneti ilikuwa imeshaupitisha siku hiyo hiyo, 98 kwa 0. Lee alisimama, sauti ikimtetemeka, akaomba watu watulie kidogo wafikirie kabla ya kufungua vita ambavyo havina mwisho unaoonekana. Kisha akapiga kura ya hapana, peke yake. Vitisho vya kuuawa vikaanza kumiminika, mpaka akawekewa ulinzi wa polisi.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ni kweli. Lakini kila nikikisoma mimi huvutwa na kitu kingine, kidogo zaidi: watu wa Oakland walijua. Walijua mbunge wao amepigaje kura siku ile ile, kwa jina. Na haikuishia hapo. Tarehe 23 Septemba Lee akaandika makala katika gazeti la kwao, San Francisco Chronicle, akieleza kwa nini alikataa. Aliyemwona shujaa alikuwa na sababu mkononi, na aliyemwona msaliti vilevile. Mwaka uliofuata wakaenda kwenye uchaguzi wakijua wanampima kwa kipi. Wakamrudisha.

Na wale 420? Wengi wao hawakuulizwa kitu, maana nani alitaka maelezo siku zile? Lakini sheria waliyoipitisha, ambayo kiini chake ni sentensi moja ya maneno 60 ya Kiingereza, haikubaki Afghanistan. Mwaka 2016 serikali ya Obama iliamua kwamba inawahusu pia Al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwepo kabisa. Kwa hiyo sentensi moja iliyopigiwa kura Washington ikafika Somalia, kwa jirani wa jirani yetu.

Nisieleweke vibaya. Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa mtoto wa shule pale al-Qaeda walipolipua balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi, wakafa watu zaidi ya 200, wengi wao raia wa kawaida wa Kenya na Tanzania. Siandiki kama mtu anayedhani ugaidi ni hadithi ya kutishia watoto. Ninachouliza ni kitu kimoja: pale kura inapogusa usalama wa taifa, mbunge anadaiwa nini na waliomtuma?

Kiswahili chenyewe kina jibu la kuanzia. Neno "mwakilishi" ni ndugu wa "wakili" na "wakala". Ukimpa wakili kesi yako, unajua kuna mambo ya sheria anayoyajua kukuzidi. Humfundishi kazi. Lakini akitoka mahakamani, swali la kwanza utakalomuuliza ni moja tu: umesema nini mle ndani? Wakili akikujibu "hayo niachie mimi", utaanza kutafuta wakili mwingine.

Wapo watakaonijibu kwa Edmund Burke. Mwaka 1774 aliwaambia wapiga kura wa Bristol, Uingereza, kwamba mbunge hatumwi kama tarishi. Anawadai watu wake kutumia akili yake, na akiitupa akili hiyo ili kuwafurahisha, amewasaliti. Hotuba hiyo wabunge wengi wanaipenda, hata wasioisoma, kwa sababu inawapa ruhusa ya kutotusikiliza. Nusu ya pili ya kisa hicho haisimuliwi sana. Miaka sita baadaye Burke alirudi Bristol, akasimama ukumbini mbele ya watu waliomkasirikia, akapitia mashtaka yao moja baada ya jingine: biashara ya Ireland, wafungwa wa madeni, haki za Wakatoliki. Akaeleza kila alichofanya na kwa nini. Kisha, alipoona hana kura za kutosha, akajitoa. Nadhani huyo ndiye Burke kamili. Kama hutafuata maoni yetu, basi deni lako la kutueleza linaongezeka. Uhuru wa kuamua bila sisi unalipiwa kwa kurudi na kusema umeamua nini.

Sasa tufike kwenye fundo. Vipi kama sababu yenyewe ni siri?

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga. Mbunge aliyeko kwenye kamati ya ulinzi au ujasusi ndiye kata: anazama mtungini, anaona maji yalivyo, halafu anatoka. Sisi tuliobaki nje tunakunywa tunacholetewa. Ron Wyden, seneta wa Oregon, aliishi ndani ya methali hiyo kwa miaka. Ana desturi ya kufanya mkutano wa wazi kila mwaka katika kila kaunti ya jimbo lake, na kaunti ziko 36. Wakati huo huo alikuwa kwenye kamati ya Seneti inayosimamia ujasusi, na huko alijua kwamba serikali inakusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia kwa tafsiri ya sheria ambayo raia hao hawakuwahi kuonyeshwa. Mtu anasimama mbele ya wapiga kura wake mara 36 kwa mwaka, wanamuuliza, na ulimi umefungwa.

Alifanyaje? Tarehe 26 Mei 2011, vipengele vya sheria hiyo vilipokuwa vinaongezewa muda, alisimama Seneti akasema kwamba kuna sheria mbili: ile ambayo watu wanaisoma, na ile ambayo serikali inaisoma kwa siri. Akaonya kwamba siku watu watakapoijua hiyo ya pili watashtuka na kukasirika. Akapiga kura ya hapana. Siri hakuitoa, lakini aliwaonyesha watu mlango uliofungwa ulipo. Miaka miwili baadaye, Machi 2013, akamuuliza mkuu wa ujasusi hadharani kama serikali inakusanya taarifa za mamilioni ya Wamarekani, akajibiwa hapana. Juni mwaka huo nyaraka alizozitoa Edward Snowden zikaanza kuchapishwa, na mlango ukafunguka.

Wapo wanaosema hakufanya vya kutosha. Mwaka 1971 seneta Mike Gravel alizisoma nyaraka za siri za vita vya Vietnam katika kikao cha kamati, akilindwa na kinga ya Bunge, ziingie kwenye kumbukumbu rasmi. Kwa nini Wyden asifanye hivyo? Hoja hiyo ina uzito, wala sina jibu rahisi. Bila Snowden, huenda dokezo lile lingebaki dokezo tu. Lakini naona tofauti kubwa kati ya mbunge anayesema "kuna jambo siwezi kuwaambia, na kwa sababu yake nimekataa" na mbunge anayesema "hakuna jambo". Wa kwanza ametunza siri. Wa pili ametudanganya, hata kama kila neno alilotamka lilikuwa kweli.

Kwetu shida huanzia mapema zaidi, kabla hata ya kufika kwenye siri. Nimefuata mikutano ya wabunge majimboni kwa miaka kadhaa kama mwandishi wa habari, na nakijua kinachosemwa: madarasa mangapi, kisima kipo wapi, gari la wagonjwa litafika lini, barabara imekwama kwa mkandarasi. Mambo ya maana yote, hakuna anayebisha. Ila sikumbuki mara nyingi kumsikia mbunge akisema: mswada fulani ulikuja, mimi nilisema hivi, sababu yangu ni hii.

Mara moja, katika kata moja ya kusini isiyo mbali na mto Ruvuma, mzee mmoja alisimama akauliza mlipopitisha hela za ulinzi, wewe mheshimiwa ulisemaje. Mbunge akatabasamu. "Mzee wangu, hayo ni mambo ya usalama wa taifa, tuviachie vyombo." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumsaidia mkubwa apite. Mzee hakukaa.

"Mwanangu," akasema, "sikukuuliza askari wako wapi. Askari tunawaona, wanapita hapa. Nimekuuliza wewe ulisema nini."

Sidhani kama kuna mwanafalsafa aliyeigawanya hoja hii vizuri kuliko hivyo. Askari wako wapi, wangapi, wana silaha gani: hiyo ni siri, na mtu mwenye akili timamu hataki itangazwe kwenye mkutano wa hadhara. Lakini kura ya mbunge haikuwa siri ya jeshi hata dakika moja. Ni yetu. Aliipiga kwa niaba yetu. Maneno "usalama wa taifa" yana uzito kwetu, maana hata idara yenyewe tunaiita hivyo, na mtu akisema fulani ni wa Usalama, sauti inashuka. Ndiyo maana ni rahisi kuyatumia kama pazia. Likishatandazwa, linafunika na vitu ambavyo hakuna adui anayevihitaji.

Utaratibu nao unasaidia pazia. Bungeni Dodoma maamuzi mengi hupita kwa sauti. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na Spika anapima kwa sikio. Bajeti kuu huamuliwa kwa kuita majina, mmoja mmoja, lakini mengine mengi yanabaki mvumo. Ukiifungua Hansadi utaona nani alichangia na alisema nini. Kwenye kura ya sauti hutaona nani alisema siyo, wala nani alikaa kimya. Mvumo hauna jina.

Juni 2024 majirani zetu Wakenya walituonyesha majina yakiwepo inakuwaje. Tarehe 25 Muswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na kabla jua halijazama orodha ilikuwa kwenye kila simu. Vijana ambao tunaambiwa hawapendi siasa walikuwa wanaijua kura ya mbunge wao kwa moyo. Kesho yake Bunge hilo hilo liliidhinisha wanajeshi kutumwa mitaani kuwasaidia polisi, kwa sababu Katiba yao, ibara ya 241, inataka idhini hiyo. Mimi nilitamani kura hiyo ya pili ifuatiliwe kwa hamu ile ile. Ushuru tunauona mfukoni. Askari mtaani ni swali kubwa kuliko ushuru, lakini likija limevaa nguo za usalama, tunapunguza sauti.

Siku hizo mali za baadhi ya wabunge zilivamiwa na kuchomwa. Lee naye alitishiwa kifo. Basi si bora kura za wabunge zifichwe kama zetu, wawe huru? Hapana. Kura yangu mimi ni siri kwa sababu ni yangu, naitumia bila kumwakilisha mtu. Kura ya mbunge ni ya kuazima. Anayekuazima kitu ana haki ya kujua umekifanyia nini, ila hana haki ya kukuchomea nyumba. Uhalifu huo unapigwa vita kwa polisi na mahakama. Giza halikuwahi kumlinda mwakilishi mwema. Lilimlinda yule asiye na la kujibu.

Kwa hiyo deni, nikilipima, si kubwa. Ulisema ndiyo au siyo. Kwa nini. Na kama sababu nusu yake imefungiwa, sema imefungiwa, na imefungwa na nani. Hayo ni maneno ya dakika tatu, baada ya kisima na kabla ya ngoma. Lakini deni la upande wa pili ni letu, maana mkutanoni kule kusini tulikuwa watu mia kadhaa, na aliyebaki amesimama alikuwa mzee mmoja. Wengine tulishacheka, tukamruhusu mheshimiwa apite.