Swali Nililolimeza

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuwa mkalimani kwenye semina ya siku tatu ya viongozi wa makanisa, katika kijiji kimoja cha Meru, juu kidogo ya barabara ya Arusha–Moshi. Mkufunzi alitoka ng'ambo. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie: alikula makande pamoja nasi na kukariri majina ya watu. Siku ya pili alifundisha namna ya kumfariji mfiwa. Hatua tano, zote ziko kwenye kitini.

Nyuma kabisa alikaa mwinjilisti mzee aliyezika watu wa mtaa wake kwa zaidi ya miaka thelathini. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hebu muulize mgeni wetu: na sisi tutamfundisha yeye lini?"

Ukumbi ukanyamaza. Nikamgeukia mkufunzi nikamwambia kwamba mzee anashukuru sana kwa somo. Mkufunzi akatabasamu, akaweka mkono kifuani. Mzee hakujua Kiingereza, lakini macho alikuwa nayo. Hakuuliza tena.

Tangu siku ile najiuliza: unaweza kweli kumfundisha mtu uongozi huku mpini umeushika wewe?

Jambo hili halikuanza na semina zetu. Pale Akeri, Oktoba 1896, waliuawa wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Jeshi la Wajerumani likaja kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha. Watu wakafa, mifugo ikachukuliwa. Misheni ilirudi mwaka 1902, ikaanza kazi Nkoaranga. Kwa hiyo mwalimu aliyedumu kwenye mlima huu alifika nyuma ya bunduki, hata kama yeye mwenyewe hakuishika.

Lakini kinachonisumbua zaidi kilitokea baadaye. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliwaondoa wamisionari wengi wa Kijerumani, mwaka 1920. Makanisa hayakufa. Walimu wenyeji waliongoza ibada na kuwaandaa watu kwa ubatizo. Mtihani gani wa uongozi unaupita huo? Na bado Lazaros Laiser, mchungaji wa kwanza Mwarusha, alibarikiwa mwaka 1934. Hesabu mwenyewe.

Mtu atasema: elimu ni elimu, mhubiri asiyesoma hupotosha watu. Kweli kabisa. Chuo cha teolojia kilihamia Makumira mwaka 1954, na waliosomea pale wamelibeba kanisa. Sipingi kufundishwa, mimi mwenyewe nimekula kwa elimu. Ila kumpa mtu maarifa ni jambo moja, na kuamua peke yako siku yatakayomtosha ni jambo jingine. Anayetunga mtihani, anayesahihisha na anayelipa nauli akiwa ni mtu yuleyule miaka nenda rudi, mwanafunzi atazeeka hajahitimu.

Hapo ningeweza kumaliza, lawama zote zikaenda ng'ambo. Tatizo ni kwamba mkufunzi yule hakukataa kufundishwa. Hakuulizwa! Mimi ndiye niliyelimeza swali. Wakati ule nilijiambia ni heshima, mgeni haaibishwi mbele za watu. Leo naona kulikuwa na bahasha ya posho ndani ya heshima ile, na hamu ya kuitwa tena. Nilimdharau mzee kwa kumnyang'anya neno lake, na mgeni nikamdharau pia, kwa kudhani hawezi kulibeba.

Wa katikati, sisi tunaojua lugha zote mbili, tunapenda kulalamika kwamba wageni hawatusikilizi. Sawa. Lakini ni mangapi yamefika kwetu yakaishia hapo hapo?

Siku ya tatu vilitolewa vyeti. Mzee alipokea chake, akakikunja mara mbili, akakiweka ndani ya Biblia na kutuaga mapema. Mkufunzi akaniuliza anakwenda wapi. Nikamwambia kuna msiba kwa jirani yake, anakwenda kuzika.

"Ningependa kwenda naye," akasema. "Nione anavyofanya."

Alikuwa amelijibu swali bila kulisikia. Lakini gari la kumpeleka KIA lilikuwa limeshawashwa, na mzee alikuwa ameshakata kona ya migombani.