Ala Iliyokaa na Walevi

Imam Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, aliitengea habari ya kusikiliza nyimbo na ala sehemu nzima ndani ya kitabu chake, Ihya. Utamu wa sauti, alisema, si dhambi. Ungekuwa dhambi, hata ndege wangetakiwa wanyamaze. Zumari na nyuzi alizozikataza, alizikataza kwa kuwa zilishakuwa alama ya vikao vya pombe. Filimbi ya mchunga mifugo aliiachia, na ngoma za mahujaji vilevile. Kosa basi halimo ndani ya bomba. Limo kwenye baraza ambako bomba hilo limezoea kukaa.

Hoja hiyo imenirudia kwa sababu ya yufoniamu. Mimi ni fundi wa rejeta hapa Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi, na sikuwahi kushika ala ya muziki mpaka kijana mmoja wa bendi ya matarumbeta ya kanisani aliponiletea lake limeachia. Si tarumbeta hasa. Ni bomba la karibu mita tatu lililokunjwakunjwa likakaa pajani kama mtoto, lina valvu za kubonyeza juu na mdomo mpana unaotazama mbinguni. Kishikizo kinachoshika mikunjo miwili pamoja kilikuwa kimeng'oka. Nikasugua msasa, nikapitisha moto kwa hadhari kwa sababu shaba hiyo nyembamba ya manjano haitaki papara, lehemu ikaingia. Chini kuna kijitundu chenye kizibo cha springi. Kijana akakibonyeza yakadondoka maji, pumzi yake mwenyewe iliyopoa humo ndani. Kisha akapuliza.

Nilitarajia kelele za gwaride. Ikatoka sauti nene isiyo na ncha, hata mwanafunzi wangu akazima grainda. Kabla ya kuondoka kijana alinitilia kwenye simu rekodi za Black Dyke, bendi ya Uingereza iliyoanza 1855 kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sufu, na nyingine za Jeshi la Wokovu. Tangu siku hiyo nalehemu nikiwa nazo masikioni.

Ustadh, jirani yangu, alipojua ninachosikiliza alisema, "Hayo ni ya kanisani, fundi."

Nikamweleza nilichoelezwa na kijana. Mwaka 1878, mjini Salisbury, Uingereza, wahubiri wa William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, walikuwa wakipigwa na wahuni barabarani. Mjenzi mmoja, Charles Fry, akatoka na wanawe watatu kuwalinda, wakabeba na ala zao za shaba. Ndiyo bendi ya kwanza ya Jeshi la Wokovu. Watu hao walizichukua hata tuni za vilabuni, wakazivisha maneno ya ibada, wakazipiga mlangoni mwa vilabu vilevile. Kenya walifika 1921. Sasa, kama hukumu ya Ghazali inafuata baraza, na baraza limehama, hukumu nayo si ihame?

Ustadh hashindwi upesi. "Imetoka kwa walevi ikaenda kwa Wakristo," akasema. "Kwako wewe imefikaje?"

Ningeweza kumjibu kwamba shaba ilitufikia zamani. Siwa ya Lamu, baragumu la sherehe, ni ya shaba, na waungwana wasiokosa swala walikuwa wakiitoa kwenye harusi za watoto wao. Miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walichukua kwata na bendi za Wazungu wakazigeuza ngoma ya beni, wakashindana makundi ya Kingi na Scotchi kwa sare na majigambo. Vita vya 1914 vikaisambaza bara, Tanganyika ikawa na makundi yake, Marini na Arinoti. Unguja mpaka leo beni hutangulia harusi.

Lakini jibu hilo lina mwiba nyumbani kwetu. Mama yangu ni Mgiriama, na bibi mzaa mama alikuwa akisikia bendi ya jeshi redioni siku ya sikukuu ya taifa husema neno moja: zima. Alilelewa na watu walioona, mwaka 1914, Waingereza wakiilipua kwa baruti Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, nao keya, askari wao wa kikoloni, wakichoma nyumba. Baraza lake yeye halikuwa la walevi, na hakuna fatwa ingeweza kulihamisha. Simhesabu kuwa alikosea. Ninachoamini ni kwamba katazo lake lilikuwa la kweli masikioni mwake bila kuwa hukumu juu ya shaba, na mjukuu mwenye adabu hangeuliza kama ni halali, angezima.

Kwangu mimi hakuna klabu wala keya ndani ya sauti ile. Wala hakuna kanisa, maana maneno ya nyimbo zile siyajui. Nia ya mpulizaji ni yake, na hadithi ya Mtume juu ya nia kila mtoto wa chuo anaijua.

"Basi unakula sadaka ya watu bila kuitikia dua," akasema Ustadh.

Nikamwonyesha upande wa magofu yetu. Msikiti ule uliofukuliwa na James Kirkman miaka ya 1950 una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe kibulani. Watalii wanasimama mbele yake, hawajui alifu wala be, wanapendezwa. Hakuna aliyewaambia wameiba, wala hakuna aliyesema wamesilimu.

"Na wewe, mtu wa Mnarani," akaniuliza, "ungefurahi wabaki hivyohivyo, waende zao wasijue kilichoandikwa?"

Nikasema hapana, ningependa wasomewe. Kwa hiyo kijana akirudi na ile korneti yao iliyobonyea, nitamwomba anisomee maneno ya wimbo ninaoupenda zaidi. Ustadh nimemwalika awepo. Amekubali, ila iwe baada ya Alasiri, na kahawa nilipe mimi.