Kabla ya Kusema Ni Kudra

Gari likikosa breki likatumbukia mtaroni, neno la kwanza midomoni mwa watu huwa lile lile: ajali haina kinga. Neno hilo hufariji, na faraja si kitu cha kubezwa mahali penye majeruhi na wafiwa. Lakini ndani yake mna dai zito. Linasema kwamba lililotokea limetoka kwa Mungu bila kupitia mikononi mwa mtu yeyote, na kwamba anayeuliza zaidi anakosa adabu mbele ya kudra. Mimi nashikilia kwamba dai hilo, likitamkwa kabla chombo hakijatazamwa, ni kumsingizia Mwenyezi Mungu. Kukagua chombo kabla ya safari ni sehemu ya imani yenyewe, kama vile kutawadha kulivyo sehemu ya sala.

Mahali pazuri pa kulipima jambo hili ni uwanja wa mbio za magari, hasa zile siku ambazo mtu wa kawaida hulipa kiingilio na kuingiza gari lake mwenyewe, si kwa kushindana na mtu bali kuliendesha hadi mwisho wa uwezo wake. Barabarani mna ng'ombe, mna bodaboda isiyo na taa, mna shimo lililofichwa na maji ya mvua, na kila kimojawapo kinaweza kubebeshwa lawama. Uwanjani hayo yote yameondolewa. Lami imesafishwa, magari yanaelekea upande mmoja, na dereva hana mgonjwa anayemkimbiza hospitali. Kinachobaki ni chombo, mkono wa dereva, na maandalizi aliyoyafanya au kuyaacha. Chombo kikiharibika hapo tunaweza kuuliza bila kisingizio: je, hili halikutarajiwa, au halikutazamwa?

Mara nyingi halikutazamwa. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa polepole. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji ya kutosha kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Mtu anaweza kuyatumia mjini mwaka mzima asione tofauti, kwa sababu breki za mjini hazipati joto la kiasi hicho. Uwanjani, baada ya mizunguko michache ya kushika breki kwa nguvu, yanachemka, yanatoa mvuke, na mguu unazama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Oili nayo, gari likikata kona ndefu kwa kasi, husukumwa upande mmoja wa sampu. Ikiwa kiasi chake kilikuwa kidogo tangu asubuhi, pampu inavuta hewa na beringi za krenki zinakosa kilainisho. Dereva atasema injini imekufa ghafla. Ghafla hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye kijiti cha kupimia oili kabla hajaondoka nyumbani. Na chuma chenyewe hakivunjiki bila historia. Katika karne ya 19 mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler, alichunguza ekseli za mabehewa na kuthibitisha kwamba chuma kinachobeba mzigo wake bila shida leo kinaweza kuvunjika kwa mzigo huo huo baada ya kurudiwa mara nyingi sana. Ufa huanza mdogo, hutambaa kila gurudumu linapozunguka, na siku ya kukatika ni ya mwisho tu katika siku nyingi za kukatika.

Hapo ndipo swali la dini linapoingia, kwa maana watu wengi wa pwani yetu hawatatosheka na habari za nyuzi joto. Watasema: sawa, lakini hata unyevu ule na ufa ule vimo katika kadari. Ni kweli, na wala sitaki kuupunguza ukweli huo. Ila jibu lake ni la zamani kuliko magari. Sayyidna Umar, khalifa wa Waislamu, alipokuwa njiani kuelekea Sham alipata habari za tauni, akaamua kurudi na watu wake. Sahaba mwenzake Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba naam, anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu, na akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja wenye malisho na mwingine mkavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari. Uzito wa jibu hilo uko hapa: kadari haiko upande wa uzembe peke yake. Mtu anayemwaga mafuta ya breki yaliyochakaa na kutia mapya amo ndani ya kadari sawasawa na yule anayeyaacha. Kwa hiyo kadari haiwezi kuwa hoja ya kuchagua kuacha. Na ile hadithi mashuhuri ya bedui aliyeambiwa na Mtume amfunge kwanza ngamia wake ndipo ategemee, inaweka mpangilio huo huo. Wakristo nao wanajua kwamba Yesu, alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa na kuliita jambo hilo kumjaribu Mungu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua jambo hili kwa ukali zaidi katika kitabu chake cha Ihya, na nadhani mafundi wetu wangemwelewa vizuri. Alizigawa sababu za mambo katika daraja tatu. Ziko za yakini, kama kunyosha mkono kukitwaa chakula kilicho mbele yako. Anayeziacha hizo akangoja chakula kije chenyewe kinywani hana tawakali, amepungukiwa na akili. Ziko za dhana yenye nguvu, kama kuchukua masurufu ya safari ya jangwani. Na ziko za kuwaza tu, ambazo kuzikimbilia ni dalili ya moyo uliotekwa na dunia. Nati za magurudumu na mafuta ya breki nayaweka daraja la kwanza bila kusita. Mipira ya maji iliyozeeka, mkanda wa injini uliokaribia muda wake, beringi ya gurudumu inayoanza kuunguruma, hizo ni za daraja la pili. Ghazali aliwaruhusu wachache wenye subira kubwa kuziacha sababu za daraja hilo, lakini akaweka mpaka: mwenye watu wanaomtegemea hana haki ya kuwabebesha subira ambayo hawakuichagua. Dereva wa uwanjani ana abiria pembeni, ana wenzake nyuma, ana watu wa bendera waliosimama kando ya kona. Hata kama yeye angekuwa walii, wao hawakuweka nadhiri.

Kuna anayeweza kujibu kwamba haya yote yanasadifu kwa wazembe, lakini vyombo vilivyotunzwa na wataalamu navyo huvunjika. Pingamizi hili ndilo ninalolipa heshima kubwa kuliko yote, na ushahidi wake uko nyumbani kwetu. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga katika bandari ya Zanzibar, mitambo yake ikiwa katika matengenezo, ikaizamisha. Muda mfupi baadaye injini mojawapo ya Königsberg nayo ikavunjika. Nahodha wake, Max Looff, akairudisha katika delta ya Rufiji, wakatia nanga Salale ndani ya mikoko, na vipande vilivyoharibika vikasafirishwa kwa nchi kavu, zaidi ya kilomita 100, hadi karakana ya Dar es Salaam. Tarehe 30 Oktoba manowari ya Kiingereza Chatham ikaigundua ikiwa huko Salale. Haikurudi tena baharini. Julai 1915 ikamalizwa humo humo mtoni na Severn na Mersey, meli zilizoweza kuelea kwenye kina kifupi cha maji. Manowari mbili, zenye mainjinia wa kulipwa na nidhamu ya kijeshi, zote zilianza kupotea kwa injini kabla ya kupotea kwa mizinga.

Je, hilo si kudra tupu? Tulitazame kwa utulivu. Königsberg ilikuwa na miaka saba kazini, na tangu vita kuanza ilikuwa imekimbizwa baharini bila kiwanda cha kuitengeneza na kwa makaa ya mawe ya kuokoteza. Fimbo za pistoni za injini ya mvuke hupanda na kushuka bila kupumzika. Kile Wöhler alichokiona katika ekseli kinazihusu hizo pia. Kuvunjika kwake kulikuwa na sababu, na mainjinia wa meli walikutendea kama jambo lenye sababu, ndiyo maana walishika spana badala ya kukunja mikono. Lakini linalonivutia zaidi ni kitu kingine. Looff alikuwa ameshaingia delta mapema Septemba, akajua njia zake na mahali pa kujificha, hivyo injini ilipomwangusha alikuwa na kimbilio. Pegasus iliharibika na kutengenezewa hadharani, katika bandari iliyo wazi kwa adui mwenye mizinga inayofika mbali kuliko yake. Tofauti hiyo inatufundisha kwamba kinga ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuuliza, je, kitaharibika? Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kuuliza, kikiharibika nitakuwa wapi? Dereva wa uwanjani aliyekagua kila kitu bado anatakiwa ajue, kabla ya kuwasha injini, breki zikikataa kwenye kona ya mwisho gari litaelekea wapi na atafanya nini. Baada ya sehemu zote mbili kutimizwa, linabaki fungu ambalo kweli si letu. Hilo, na hilo tu, ndilo linalostahili kuitwa kudra kwa namna watu wanavyolitamka neno hilo penye ajali. Looff alikuwa ametimiza nyingi ya kazi zake, na bado mwisho ulikuwa ule. Anayesoma habari zake haraka atasema kujificha Salale kulikuwa kosa. Mimi sioni hivyo. Ulikuwa uamuzi sahihi uliopata matokeo mabaya, na hayo ni mambo mawili.

Upande wa pili wa sarafu hiyo alikwisha kuuonyesha William Clifford, Mwingereza aliyekuwa mwanahisabati na mwanafalsafa, katika makala yake ya mwaka 1877. Alisimulia habari ya mwenye meli anayejua kwamba chombo chake kimechakaa, anayeuzima wasiwasi wake kwa kujiambia kwamba Mungu hatawaacha abiria wale, kisha anakiachia kiondoke. Clifford aliuliza: ikiwa meli ile itafika salama, hatia ya yule mwenye meli itapungua? Akajibu haitapungua hata kidogo, kwa kuwa kosa lilitimia pale alipojipa imani asiyokuwa na haki nayo. Clifford hakuwa rafiki wa dini, lakini hapa amesema jambo ambalo mwenye dini angepaswa kulisema kwa sauti kubwa zaidi. Gari lililomaliza mizunguko yote kwa nati zisizokazwa halikumaliza kwa baraka. Dereva wake ameiba, ila hajakamatwa.

Limebaki pingamizi la umaskini. Ni rahisi kumhubiria mwenye gari la starehe. Mwenye boti ya kubeba watu na samaki kati ya visiwa vya delta, mwenye mashine moja kuukuu nyuma, hana fedha ya spea mpya kila msimu. Dini haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake, na mimi sina haki ya kuzidisha. Ila uwezo si fedha pekee. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo kuukuu iliyokwisha kutumiwa mashindanoni kabla yao. Mashindano hayo yalikuwa yakimeza magari: mwaka 1963 yalianza 84 na kumaliza saba. Joginder alikuwa fundi, na alishinda tena 1974 na 1976. Kusikiliza mlio, kupapasa nati, kutazama rangi ya oili, hayo hayahitaji mtaji. Na pale ambapo fedha ndiyo inayokosekana kweli, jukumu halifutiki, linahama. Linamwendea mwenye chombo anayechukua hesabu jioni na kukataa kununua mpira wa mafuta. Linamwendea muuza duka anayefunga spea bandia katika boksi la asili. Kwa hao, ajali haina kinga ni neno la haramu.

Wapo pia wanaohofia kwamba ukaguzi huu utageuka waswasi, mtu akawa anakaza nati ile ile mara kumi na asiondoke. Ghazali amewajibu kwa daraja lake la tatu. Lakini waswasi hujulikana kwa kutokuwa na dalili mbele yake, na mtihani mgumu zaidi wa uwanjani ni wa aina tofauti: dalili ipo. Dereva amelipia mizunguko ishirini, ametumia saba, na katika ya nane kanyagio la breki limekuwa laini kidogo kuliko asubuhi. Hakuna mwingine aliyehisi. Chombo kimemjulisha yeye peke yake, na njia ya kutokea iko mbele, mkono wa kushoto, kabla ya kona.