Deni la Njaa

Bonde la Kilombero ni ghala la mpunga. Mgeni afikaye Ifakara wakati wa mavuno huona magunia, asidhani kwamba nchi hii ilipata kufishwa njaa, na kwamba njaa hiyo haikuletwa na ukame bali na amri.

Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani huko Mahenge. Vita vya Maji Maji vikaendelea hata 1907. Risasi ziliposhindwa kuvimaliza, vijiji, maghala na mashamba vilichomwa moto ili njaa imalize kazi. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Songea Mbano alinyongwa 1906. Gavana Götzen, aliyetawala wakati wa moto ule, alirudi kwao akapewa cheo kingine. Hakuna hakimu aliyemwita.

Katika nchi hii hii, Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 1994 kwa ajili ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998 kwa mauaji ya kimbari. Alikuwa meya tu. Je, haki ilichelewa kuzaliwa, au humwona Mwafrika upesi kuliko mtawala wake?

Pengine msomaji atajibu kwamba mahakama huhukumu walio hai, na wachomaji wa Mahenge ni mavumbi. Naam. Hatia ni ya nafsi, huzikwa na mwenyewe. Mjukuu hahukumiwi kwa mkono wa babu. Lakini hatia si deni. Arithiye nyumba hurithi na madeni yake. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipoomba msamaha mjini Songea tarehe 1 Novemba 2023, hakukiri dhambi yake mwenyewe. Alikiri deni la nyumba yake. Kukiri ni mwanzo wa hesabu, wala si malipo.

Nasi tusijisahau. Wapiganaji wetu nao waliwaua wamisionari wasio na silaha. Atakaye mizani hana budi kuipanda mwenyewe. Sheria imwogopayo mwenye nguvu ni fimbo tu. Kumbukumbu isahauyo makosa ya kwao ni kisasi kilichovaa joho.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni lisilotajwa halidaiwi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yetu sisi wasomi: kuwauliza wazee wa bonde hili majina ya vijiji vilivyoungua, na kuyaandika kabla nao hawajazikwa.