Usimtume, Nenda Naye

Mtoto anayetumwa kusali hujifunza kutii. Anayeongozana na mzazi wake hujifunza kuamini. Madrasa au Shule ya Jumapili itamfundisha maneno ya sala, lakini uzito wa maneno hayo ataupima nyumbani: unavyorudisha chenji iliyozidi, unavyosema na dada wa kazi, unavyoomba radhi ukikosea. Luqman, ambaye Sura ya 31 ya Kurani imeitwa kwa jina lake, alimuusia mwanawe sala, subira na unyenyekevu kwa pamoja; ibada na tabia njema hazitenganishwi. Anza angali mdogo, wakati bado anatamani kufanya kila analokuona ukifanya, kwani umri huo haukai, na hakuna mwalimu awezaye kuurudisha.