Kufokafoka na Amana ya Ulimi



Wapo vijana wanaoingia katika Uislamu wakiwa na ulimi uliokwisha kunolewa na kazi nyingine. Huko Kasekese, katika Mkoa wa Katavi, kama katika vijiji vingi vya nchi yetu, kijana huenda shambani na simu mfukoni, na ndani ya simu hiyo zimo nyimbo za kufokafoka alizozihifadhi kuliko alivyohifadhi masomo yake. Wengine hutunga za kwao. Siku wanapoikubali dini hukutana na swali zito: Je, kipaji hiki kitupwe pamoja na ulevi na uganga, au chaweza kutakaswa? Mzee mmoja atamwambia achome daftari lake. Rafiki atamwambia muziki ni muziki tu, hauna dhambi wala thawabu. Kwa maoni yetu majibu yote mawili yametolewa kwa haraka.

Yafaa kwanza tujue asili ya jambo lenyewe. Katika mji wa New York, mtaa wa Bronx ulipasuliwa katikati na barabara kuu, maelfu ya watu wakahamishwa, na katika miaka ya 1970 majumba mengi yakateketea kwa moto. Waliobaki walikuwa maskini, wengi wao watu weusi na watu wa visiwa vya Karibi. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba namba 1520 la barabara ya Sedgwick, kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell aliyeitwa Kool Herc, alipiga santuri katika karamu ya dada yake. Yeye alikuwa ametambua kwamba wachezaji hungojea kile kipande ambacho sauti nyingine hunyamaza ikabaki ngoma. Basi akachukua santuri mbili zilizo sawa, akakirudia kipande hicho kutoka moja hadi nyingine, na juu yake yakasemwa maneno. Hawakuwa na bendi wala fedha za kununulia ala. Walichukua vilivyokuwapo, wakafanya kisichokuwapo. Mwaka 1982 Grandmaster Flash na wenzake walitoa wimbo wa kueleza taabu ya mitaa hiyo, na dunia ikasikiliza. Baadaye wafanyabiashara waligundua kwamba majivuno, matusi na bunduki huuzwa upesi kuliko kilio cha maskini. Hapo ndipo mto ulipochafuka, wala si kwenye chemchemi.

Kwetu mchezo huu uliingia kwa kanda. Mwaka 1991 Saleh J aliuchukua wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice akautilia maneno ya Kiswahili. Radio One ilipoanza mwaka 1994, vijana walipata mlango wa kusikika. Joseph Mbilinyi wa Mbeya, yaani Sugu, alighani juu ya maisha magumu, naye mwaka 2010 akachaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini. Joseph Haule, yaani Profesa Jay, aliwacheka wanasiasa wenye ahadi nyingi katika wimbo wake "Ndio Mzee" wa mwaka 2001; mwaka 2015 akasimama mwenyewe kuomba kura Mikumi, akapata. Wala asiseme mtu kwamba ushindani wa maneno ni mgeni kwetu. Wasukuma waliohamia Katavi na mifugo yao waulizwe habari za Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma yanayoshindania watazamaji baada ya mavuno.

Sasa tuitazame Kurani Tukufu. Mwishoni mwa Sura Ash-Shu'araa Mwenyezi Mungu anawataja washairi, na maana yake ni kwamba wapotevu huwafuata, nao huzurura katika kila bonde na husema wasiyoyatenda. Angalia vizuri, ndugu yangu. Lawama haikuwekwa juu ya vina wala mizani. Imewekwa juu ya fikira isiyo na njia na juu ya kusema mtu asilolitenda. Kisha papo hapo wametolewa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mungu kwa wingi na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Mtume Mtukufu (s.a.w.) mwenyewe alimwekea mshairi Hassan bin Thabit mimbari msikitini.

Kijana asiye na baiskeli anapoghani juu ya magari yake, dhahabu yake na wanawake wake, huyo anatoa ushahidi wa uwongo juu ya nafsi yake mwenyewe, na wadogo zake wanaomsikiliza wanausadiki. Lakini anayesema dhuluma iliyompata mkulima, naye anajua asemalo, yumo karibu na wale waliotolewa. Basi daftari lisichomwe lote. Lifunguliwe, na kila ubeti uulizwe kama mwenyewe ameutenda, au kama angethubutu kuusoma mbele ya mama yake. Hata wimbo safi ukimpitishia mtu Sala ya Alasiri umekwisha kuwa mzigo. Na mahali nako hutazamwa: Mwahmadiyya wa Marekani, Yusef Lateef, mpigaji mashuhuri wa saksafoni na filimbi aliyefariki mwaka 2013, alikataa kupiga katika kumbi zinazouza pombe, ingawa ndiko ilikokuwa riziki ya wenzake.

Upo pia mfano ulio karibu zaidi na Kasekese. Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ndiko alikozaliwa mwaka 1924 Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mubashiri wa Ahmadiyya, aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kinafundisha kupima mizani na kupanga vina, kazi ambayo kijana anayehesabu mapigo ya ngoma ameianza bila mwalimu. Ulimi uleule uliotunga diwani ndio uliosaidia kuitafsiri Kurani Tukufu kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapwa mwaka 1953.