Mkono wa Kamera na Mkono wa Kafi

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Nimewafundisha watoto methali hii kwa miaka mingi, nikasahihisha insha zake katika madaftari yasiyo na idadi, lakini maana yake kamili niliipata majini, wala si darasani. Nimelazimika kuikumbuka tena hivi karibuni kwa sababu ya swali la mjukuu wangu.

Kijana huyu anafanya kazi Dar es Salaam. Alikuja Songea likizo pamoja na wenzake wawili, wakapanga kuteremka hadi Mbamba Bay kupiga makafi katika vile vimtumbwi vya plastiki, kuogelea, na kupiga mbizi penye miamba. Safari hiyo siku hizi si tabu kama zamani, maana lami imefika hadi ziwani. Jioni moja akaniambia, "Babu, wewe ndiye uliyekuwa mpiga picha wa shule. Nishauri. Ninunue kamera gani ndogo isiyoingia maji?"

Nilimuuliza kwanza kwa nini simu yake isitoshe. Akanieleza kwamba simu nyingi husemwa zinastahimili maji, lakini maji yakiingia, kwa kawaida dhamana ya mtengenezaji hailipi. Tena kioo kikilowa hakisikii kidole vizuri. Nikaona kijana ana hoja. Basi akaanza kunisomea sifa za kamera moja baada ya nyingine. Tough TG-7 ya OM System inastahimili kina cha mita 15. Kamera nyingi za GoPro za miaka hii hushuka mita 10 bila kuvikwa ganda jingine. Nami sikukosa la kusema, kwani ualimu hauishi mtu anapostaafu. Nilimwambia kwamba hesabu hizo za kina hupimwa katika maji yaliyotulia, na kwamba kishindo cha kujirusha majini au pigo la wimbi ni jambo jingine. Nilimwambia pia kwamba kamera yote hiyo, pamoja na bei yake, inategemea kijimpira chembamba kinachoziba mlango wa betri. Chembe moja ya mchanga, au unywele mmoja uliolala juu ya kijimpira hicho, watosha kuliingiza ziwa zima. Kwa hiyo mlango ule usifunguliwe kamwe ufukoni, na kamera isuuzwe kwa maji safi kabla ya kuufungua. Na asishangae picha zikitoka na rangi ya bluu tupu, maana maji huimeza rangi nyekundu kabla ya nyingine. Akitaka kuona rangi halisi za wale samaki wadogo wa miambani ambao wafugaji wa samaki wa mapambo duniani huwaita mbuna, itampasa awasogelee sana.

Hayo yote ni mambo ya fundi, na yeyote mwenye subira aweza kujifunza. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa kuwa lilikuwapo jambo ambalo sikumwambia. Asubuhi nikamwita nikamsimulia. Nawe ndugu msomaji nakusimulia.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya kandokando ya Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimeazima kamera kwa mtu niliyemheshimu sana. Ilikuwa miaka ya shida. Hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sembuse filamu. Jumamosi moja nilipanda mtumbwi wa mvuvi pamoja na kijana wa chuo cha ualimu aliyekuwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Nilitaka picha ya Jiwe la Pomonda pale Liuli, lile lililowafanya Wajerumani waiite bandari hiyo Sphinxhafen, kwa kulifananisha na sanamu kubwa ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu. Nilikusudia kulitundika darasani kwa somo la historia, kwa sababu hapo Liuli ndipo meli ya Waingereza, Guendolen, ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, mwezi Agosti 1914.

Nilipata picha yangu. Wakati wa kurudi upepo wa kusini ukaamka, mawimbi yakaanza kuutikisa mtumbwi ubavuni. Yule kijana, ambaye alikuwa mtu wa bara na hakujua kuogelea, aliinuka kidogo ili abadilishe mahali pa kukaa. Kufumba na kufumbua akawa majini. Akaibuka upande wangu, karibu kiasi cha mkono kunyoshwa. Nami mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, imeinua kamera isilowe.

Mvuvi ndiye aliyemnyoshea kafi. Kijana akalidaka, akavutwa, akatapika maji, akapona. Tulipofika nchi kavu alimshukuru yule mvuvi kwa mikono miwili, kisha akanigeukia mimi akasema, "Mwalimu, kamera imepona?" Aliuliza kwa adabu, wala hapakuwa na kijembe chochote. Nikamjibu kwamba imepona. Ni kweli, haikupata hata tone.

Miaka yote hii nimejiuliza kama nilitenda dhambi. Mtu aweza kunitetea kwamba yote yalipita katika muda wa pumzi mbili tatu, na kwamba sikuamua kumwacha yule kijana afe. Naam, sikuamua. Na hilo ndilo linalonisumbua, kwamba sikuamua lolote. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kuamua kabla yangu. Tangu asubuhi nilikuwa nikiifundisha kazi moja tu, yaani kuilinda kamera, nayo ikawa mwanafunzi mtiifu.

Je, tuseme basi kwamba kamera ni kitu kiovu? Hapana. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43, na 19 kati yao walifariki. Wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifikia, wakiwa na mitumbwi yao ya kila siku. Wakati huohuo palikuwa na watu ufukoni waliokuwa wakipiga picha kwa simu. Nilisikia wengi wakiwalaani. Mimi sikuweza kuwalaani. Mtu aliye ufukoni, asiyejua kuogelea na asiye na chombo, hana mkono wa kumfikia anayezama. Na picha zile ndizo zilizotufanya sisi wa mbali tujue na tuomboleze. Ushahidi nao ni msaada. Wajibu wa mtu huanzia pale mkono wake unapoweza kufika. Wao walikuwa mbali. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha mkono.

Aristotle wa Ugiriki ya kale alifundisha kwamba mtu hupata wema kwa kuuzoea, kama fundi anavyopata ufundi kwa kutenda. Nakubaliana naye, ila naongeza jambo dogo nililolipata ziwani. Kwa kuwa wakati wa hatari hapana nafasi ya kufikiri, hapana budi kufikiri mapema, nchi kavu, tena hata katika mambo yaonekanayo madogo kama vile kuchagua kifaa. Anayenunua kamera ya majini hununua pia mazoea ya mikono yake.

Mjukuu wangu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanieleza jambo nililokuwa silijui. Huyo Nick Woodman aliyeanzisha GoPro alikuwa mchezaji wa kuteleza juu ya mawimbi, na kamera yake ya kwanza, aliyoiuza mwaka 2004, ilikuwa ya filamu, yenye mkanda wa kuifunga kwenye kifundo cha mkono. Alitaka apige picha naye yumo mawimbini, mikono ikiwa na kazi nyingine. Huenda shabaha yake ilikuwa picha tu, lakini nilifurahi kusikia kwamba wazo hilo lilimpata mtu aliyejua maji.

Basi ushauri niliompa ulikuwa huu. Kwanza, fedha ya kwanza inunue jaketi la kuelea, kwake na kwa wenzake, ndipo waje kwenye kamera. Pili, kamera iwe ndogo, ifungwe kwenye jaketi kwa kamba fupi, nayo iwe na boya lake, kwa sababu nyingi za aina hiyo huzama zikiachwa. Tatu, isiwe ya bei ambayo kuipoteza kutamnyima usingizi, kwa maana kitu ambacho huwezi kukiacha hakikupi nafasi ya kushika kingine. Nne, kabla hajaingia majini aiachie makusudi mara kumi, mpaka mkono uzoee kufunguka.

Hilo la mwisho lilimchekesha. Hata hivyo kesho yake nilimwona uani, amesimama karibu na pipa la maji ya mvua, anaiachia kamera na kuiokota, anaiachia na kuiokota, huku dada yake akihesabu.

Kabla hawajaondoka aliniuliza kama ile picha ya 1984 bado ninayo. Ninayo, imo sandukuni pamoja na vyeti vyangu. Jiwe limetoka vizuri sana, kila ufa waonekana. Sikuwahi kuitundika darasani.